Mtori wa nyuma ya Mbuyuni, na kitinda mimba wangu aliyekuwa hali

Wali mweupe, chapati, chipsi, chai ya maziwa. Hivyo ndivyo vyakula vya mwanangu mpaka mwezi wa tano mwaka huu, na nimevitaja vyote. Ni kitinda mimba wangu, ana miaka mitatu na nusu. Na huo wali uwe mweupe kweli: mchuzi wa maharage ukiugusa ukingoni tu, sahani inasukumwa, kilio kinaanza, na dada yake wa miaka sita naye anaweka kijiko chini. Nilibembeleza, nikaimba, nikaahidi biskuti, nikatishia fimbo. Siku moja mwezi wa tatu nilimpiga kofi la mkono chakula kikiwa mdomoni. Hakumeza. Usiku nilipokwenda kumfunika nikakuta tonge bado limo, amelificha shavuni, kalala nalo. Nililitoa kwa kidole, nikakaa kitandani pale nikalia kimyakimya asisikie.

Kazi yangu ni kupunguza na kurekebisha nguo za mitumba pale Soko la Memorial, hapa Moshi, na nakaa Pasua. Baba yao ni dereva wa lori, anaweza kumaliza wiki mbili hajaonekana, kwa hiyo mezani ni mimi na hawa wawili. Nayasema haya ili mwenzangu ajue naandika kwa mfuko wa namna gani. Hela ya kununua sahani ya mtoto asiyekula naisikia inapotoka.

Tulishapelekana sehemu za mjini. Kuna moja, jina nitaliacha, yenye bembea na katuni kwenye televisheni kubwa. Watoto walicheza saa nzima, wakanywa soda, chakula kilipofika walikuwa wameshashiba gesi na wamechoka. Nilimwomba mhudumu kwa upole kabisa, "Kaka, wali wa mtoto usiuwekee mchuzi." Ukaja umemwagiwa mchuzi juu, na kijani cha pilipili hoho ndani yake. Nililipa elfu kumi na nne, tukarudi nyumbani, akala chapati ya jana.

Kwa hiyo tulipoingia kwenye kibanda cha mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, nyuma ya Soko la Mbuyuni, sikuingia kutafuta chakula cha mtoto. Tuliingia kukimbia mvua. Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, masika ya mwezi wa tano, unajua Moshi ikiamua kunyesha. Kibanda hakina bango. Ukitoka upande wa wauza ndizi unafuata uchochoro wenye mafundi wa majiko, unakiona kwa mabati ya bluu na moshi wa kuni. Kina meza nne ndefu na mabenchi, na ndoo ya koki ya kunawia iko mlangoni. Mwenyewe ni mama wa makamo, umri wa mama yangu, kitenge kimefungwa juu ya sweta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingieni, ingieni, msiloane. Wajukuu zangu hawajambo?"

Nikawahi kujitetea kabla hata hatujakaa. Nikamwambia huyu mdogo hali, naomba aletewe wali mweupe tu, basi. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema, "Wali upo. Utakuja pamoja na vingine. Yeye mwenyewe ataona."

Kilichokuja mezani ndicho kilichonifanya niandike. Chakula hakikupakuliwa kwenye sahani ya mtu. Lilikuja sinia, na juu yake vibakuli vidogo vya bati vile vyeupe vyenye ukingo wa bluu, kila kitu na kibakuli chake: wali, mtori, maharage, mboga ya mnafu, vipande vya nyama, parachichi lililokatwa, papai. Kila bakuli na kijiko chake kifupi. Watoto wakapewa sahani tupu. Tupu kabisa. Mwanangu aliitazama ile sahani kama mtu aliyeletewa barua, maana hajawahi katika maisha yake kuwekewa sahani ambayo hakuna cha kukataa juu yake.

Yule mama akanisogelea, akaniinamia sikioni: "Usimwangalie mdomoni. Mtoto akiangaliwa mdomoni hamezi. Wewe kula."

Nikala. Siwezi kueleza ilivyokuwa kazi ngumu kutazama bakuli langu. Kwa pembe ya jicho nikamwona anachota wali. Akala wali, vijiko vinne. Halafu akanyoosha kidole kimoja, kile cha shahada, akagusa parachichi. Akakitazama kidole. Akakipangusa kwenye suruali. Basi, hayo ndiyo yaliyotokea siku ya kwanza, na hakuna aliyesema kitu. Sinia likaondolewa, mama akauliza kama tumeshiba, tukaaga. Njiani dada mtu akaniambia, "Mama, leo hatujagombana."

Tangu siku ile tumekwenda mara 13. Nimehesabu kwa sababu nesi wa kliniki alishaniambia nihesabu. Hapa naomba nisimame kidogo kwenye mambo ya kliniki, maana ndiyo yaliyonifanya nielewe kwa nini kibanda hiki kinafanya kazi wakati meza yangu ya Pasua ilikuwa imeshindikana.

Mwezi wa nne nilimpeleka nikiwa na hakika kwamba anakonda. Nesi akafungua kadi yake. Alizaliwa na kilo 3.2, alipotimiza mwaka alikuwa na 9.5, yaani karibu mara tatu. Siku ile alikuwa na 14. Akanionyesha mstari wake umo kwenye kijani, akasema mwaka wa kwanza mtoto anaongezeka kwa kasi ambayo hairudi tena. Baada ya hapo kilo mbili hivi kwa mwaka zinatosha. Kwa hiyo hamu ya kula inapungua yenyewe, na sisi akina mama tunadhani mtoto anaumwa. Na kati ya miaka miwili na sita watoto wengi wanakiogopa chakula wasichokijua. Mtoto anaweza kuhitaji kuwekewa kitu kilekile mara kumi, hata kumi na tano, kabla hajakubali kukila. Mimi nilikuwa nakata tamaa mara ya tatu.

Lakini hakuniachia hapo. Alipima wingi wa damu ikatoka 10.4, na kwa umri wake inatakiwa isipungue 11. Akauliza anakunywa nini. Nikasema chai ya maziwa, asubuhi na jioni, na kikombe cha mchana akilia. Akanieleza kwamba chai inazuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye chakula, na tumbo lake ni dogo, likijazwa maziwa na chai halina nafasi ya maharage wala nyama. Tulipewa dawa ya chuma, na maelekezo: chai iondoke, maziwa yasizidi nusu lita kwa siku, maharage na mboga za majani ziende na tunda kama papai au chungwa, maana vitamini C inasaidia hayo madini kuingia.

Sasa fikiria nakaa kwenye benchi la yule mama, ambaye hajanisomea kadi yoyote, naona papai limewekwa kando ya maharage na mnafu, kwa wakati mmoja. Nilimuuliza siku moja kwa nini tunda haliji mwisho kama kwingine. Akasema likija mwisho watoto wanalingoja, hawali. Na ukisema "maliza mboga nikupe papai" umeshamwambia mtoto kwamba mboga ni adhabu.

Mdogo wangu wa tumbo moja, aliyesoma lishe Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, nilipomsimulia alicheka kwa furaha. Akasema kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani anaitwa Ellyn Satter ambaye ndiyo kazi yake ya miaka mingi kufundisha hivyo: mzazi anaamua kitapikwa nini, kitaliwa saa ngapi na wapi; mtoto anaamua atakula au hatakula, na kiasi gani. Kila mmoja abaki kwenye kazi yake. Mdogo wangu alikuwa ameniambia hayo zamani, tena kwenye simu, nikamjibu kwamba huyo Mmarekani hajakutana na mwanangu. Nilihitaji kuyaona kwa macho, kwenye sinia.

Nirudi kwenye mtori, maana ni kibanda cha mtori na mtori wenyewe unastahili kusemwa vizuri.

Anatumia ndizi mshare, na ukimletea ndizi nyingine atakurudishia. Jumapili moja tuliwahi kufika, akaniruhusu kuingia jikoni. Ndizi zinamenywa na kutupwa moja kwa moja kwenye beseni la maji zisiwe nyeusi. Nyama ya mbavu na mifupa iko pembeni, imeshachemka tangu alfajiri. Ndizi zinapikwa ndani ya hiyo supu na kitunguu mpaka zinaachia, halafu anaepua na kuzisonga kwa mwiko mpana, taratibu, anaongeza supu kidogokidogo. Mwisho kijiko cha siagi. Kabla hajatia chumvi ya mwisho na pilipili mbuzi, anachota sufuria ndogo ya watoto na kuiweka kando. Kisha anaigawa mara mbili: nusu anaisonga tena mpaka inalainika kabisa, nusu anaiacha na vipande vidogo vya ndizi. Nilimuuliza kwa nini ajipe kazi mbili. "Kuna wanaoogopa vipande, kuna wanaoogopa uji. Mtu mzima naye yupo hivyo, ila yeye hatumlazimishi."

Mwanangu ni wa wale wanaoogopa vipande. Sikuwa najua. Miaka yote nilidhani hapendi ladha.

Sasa safari zetu zilivyokwenda. Mara ya pili alilamba papai akalirudisha kwenye bakuli la watu wote, na yule mama akakiondoa kipande hicho kama anayefuta vumbi, hakuna neno. Mara ya tatu alichota mtori mwenyewe, kijiko kimoja, akaumwaga kwenye sahani yake, akauangalia mpaka ukapoa. Hakula. Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka kumsogezea kijiko, nikaurudisha mapajani. Mara ya nne alikuwa na homa, hakula kitu zaidi ya wali. Mara ya tano alikuwa ameletewa chapati, kwa sababu sinia la pale halikosi kitu kimoja ambacho mtoto anakijua, akachana kipande, akakichovya kwenye mtori laini. Akakitia mdomoni.

Ningependa mtu anayeidharau hii habari angekuwa pale. Alitafuna mara moja, akaacha, macho yake yako kwenye meza, shavu limetulia. Nikajua anakificha. Nikageukia wauza ndizi nje, nikahesabu mikungu iliyopangwa ukutani, nikafika 22. Nilipogeuka alikuwa anachana kipande cha pili.

Mara ya saba alikula mtori kwa kijiko, vijiko vitatu, bila chapati. Mara ya nane akakataa tena kabisa, na ningekuwa peke yangu ningesema tumerudi tulikotoka. Yule mama akaniambia ndivyo wanavyokuwa, wanakwenda na kurudi. Mara ya tisa ndiyo ya perege. Siku hiyo alikuwa amepata perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, amewakaanga wakakauka ngozi, akawachambua minofu kwa vidole vyake kwenye bakuli la watoto. Mwanangu alikula ile ngozi inayovunjika, kama anavyokula chipsi. Kutoka ngozi akahamia mnofu. Niliporudi Pasua siku hiyo nilimpigia baba yao akiwa njiani huko Segera nikamwambia, "Mwanao amekula samaki," tukabaki wote kimya kwenye simu.

Mnafu bado. Ameshautia mdomoni mara mbili na kuutema. Lakini hata kutema kwake kuna utaratibu: kila mtoto anapewa kisosi, na kuanzia siku ya kwanza aliambiwa, "Ukiona hupendi, tema hapa, polepole, tutakifunika." Nimeona watoto wa meza nyingine wakijaribu vitu kwa ushujaa kwa sababu tu wanajua kisosi kipo. Mtoto aliyefungiwa njia ya kutoa hakubali kuingiza. Maharage ameanza kuyala ya kuponda tu, na kiburu, yale maharage yaliyopikwa na ndizi, bado anakigeuzia uso. Sina haraka.

Mwezi wa sita nilikwenda na mama mkwe, ametoka Uru kuwasalimia wajukuu. Nilikuwa na wasiwasi. Kwa mama mkwe mtoto asiyekula analazwa mapajani, anashikwa pua, uji unamiminwa. Baba yao alilelewa hivyo, na yeye aliyafanya kwa upendo, alikuwa na watoto saba na hakutaka hata mmoja afe na njaa ya kujitakia. Alipoona mjukuu anaachiwa sahani tupu uso ukabadilika. "Mnamwacha mtoto ajipangie?" Yule mama akaja akakaa naye, wakaanza kuongea Kichagga cha kwao, mimi mwenyewe ni mtu wa Same nikawa nashika neno moja moja. Mwisho akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie: "Dada, hata mimi wanne wa kwanza niliwanywesha hivyohivyo. Mmoja alipaliwa mikononi mwangu, akawa bluu. Alipona. Lakini sikumshika tena mtu pua." Mama mkwe hakujibu. Alimenya papai, akakata kipande, akakiweka kwenye bakuli, siyo mdomoni mwa mtoto. Kwa mtu anayemfahamu mama mkwe wangu, hicho ni kitendo kikubwa.

Sasa kasoro, na zipo, na nimemwambia mwenyewe kabla ya kuziandika hapa.

Kubwa kuliko zote: utaratibu huu umo kichwani mwa mtu mmoja. Jumapili mbili alikuwa msibani Kibosho, akamwacha binti msaidizi. Binti ana roho nzuri sana, lakini alikaa na mwanangu muda wote, "Kula basi mtoto mzuri, kula mama afurahi, kimoja tu, cha dada, cha baba," na ukifika wakati huo mtoto wangu ameshafunga mdomo kama koki. Siku hizo hakula hata wali. Kama utafika ukamkuta binti, mwambie tu kwa heshima aweke sinia aondoke. Ataelewa.

Ya pili ni karanga. Mwanzoni mezani palikuwa na kisahani cha karanga nzima za kukaanga za kupozea watu wakingoja. Kwa watu wazima ni ukarimu. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano karanga nzima ni hatari ya kupaliwa, hata kama mtoto ana meno yote. Nilimweleza, na kwa kuwa alishamwona wa kwake akipaliwa hakubishana. Sasa meza yenye mtoto haiwekewi, na mnafu wa watoto anaupika na karanga za kusaga. Lakini meza ya jirani zipo, na mtoto wa miaka mitatu ana mikono mirefu. Kaa chonjo. Na perege pia, pamoja na uchambuzi wake wote, nimewahi kukuta mwiba. Pitisha vidole vyako mwenyewe kabla bakuli halijafika kwa mdogo.

Mabenchi ni ya watu wazima. Miguu ya mtoto inaning'inia, anateleza, anachoka upesi, na mtoto anayepigana na benchi hawezi kutulia kula. Mimi nabeba kigoda chetu cha nyumbani naweka chini ya miguu yake. Ndoo ya kunawia iko juu, inabidi umnyanyue, na mara mbili nimekuta sabuni imeisha. Moshi wa kuni upepo ukigeuka unaingia wote ndani. Mwenye mtoto wa kifua akae meza ya mlangoni. Wauza ubuyu na barafu wanapita mpaka katikati ya meza, na mwenyewe hawafukuzi kwa sababu, anasema, nao wanatafuta riziki kama yeye. Namwelewa, ila mtoto aliyeona barafu saa saba kamili mchana hana habari na mtori.

Na kungoja. Jumapili baada ya ibada unaweza kungoja dakika arobaini. Usimpe mtoto biskuti wala juisi ya pakiti kumtuliza, utakuwa umekuja bure. Mpe maji. Sisi tunafika saa sita kasorobo, kabla makanisa hayajaachia wote, tunapata meza na mtori wa juu ya sufuria. Saa nane mtori umeisha, unabakiwa na wali na maharage.

Bei, kwa siku ya mwisho tuliyokwenda: bakuli la mtori la mtu mzima 2,500, ndizi nyama 4,000, sinia la mama na watoto wawili lenye vibakuli vyote 9,000, perege wakiwepo unaongeza 3,000. Kinachobaki kwenye vibakuli ambavyo havijaguswa anakufungia. Mtoto asipokula kitu hakuna anayekusikitikia wala kukuuliza, na kwangu mimi hilo lina bei yake. Unaweza kulipa kwa simu.

Nyumbani nimenunua vibakuli sita vya bati, elfu moja na mia tano kimoja, hapohapo Mbuyuni kwa wauza vyombo. Chakula cha jioni ni saa moja, simu inabaki chumbani, chai haipo tena mezani. Wali unakaa peke yake kwenye bakuli lake na hakuna anayeumwagia kitu. Siku nyingine anakula, siku nyingine anakula wali tu na papai, tunanyanyuka. Mwezi wa nane tulirudi kliniki, damu ikawa 11.3. Dawa ya chuma alikunywa yote, kwa hiyo siwezi kuwapa mtori sifa zote, lakini nesi aliponiuliza siku hizi anakula nini nilianza kutaja nikaona nimetaja vitu tisa.

Dada mtu naye ana lake. Jumapili iliyopita bakuli la mnafu lilikuwa upande wa mdogo wake. Akasema, "Nipitishie." Mdogo akalinyanyua kwa mikono miwili, ulimi nje kwa umakini, akalipitisha juu ya mtori bila kumwaga. Kabla hajaliachia akachungulia ndani, akanusa, kisha akampa.

Jumatatu hafungui. Siku nyingine ni saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni, Jumapili mwisho saa tisa. Mvua ikinyesha uchochoro una tope jekundu la kuteleza, mbebe mtoto mgongoni. Na mkifika mwamkieni mama vizuri, kisha mwambieni tu umri wa watoto, yeye atajua alete mtori upi.